Oka waliozaliwa bwawani: maonyesho yakikoma, waende wapi?

Mdadisi77
Wakuu, maonyesho ya oka (nyangumi wauaji) siyatetei hata kidogo. Swali langu ni la baada ya hapo. Ufaransa ilipitisha sheria ya kuyakomesha mwaka 2021, na Marineland, bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini huko Antibes, ikafunga milango Januari 2025. Oka wake wawili, Wikie na mwanawe Keijo, wakabaki mle mle mabwawani. Kwa nini wasifunguliwe tu baharini?

Kasikazi
Kwa sababu watakufa njaa. Wote wawili walizaliwa bwawani, na oka hufundishwa kuwinda na ukoo wake. Oka mwingine, Keiko, alikamatwa Iceland mwaka 1979 akiwa mdogo, akarudishwa huko 1998 na kuzoezwa miaka kadhaa katika ghuba ya Klettsvik. Mwaka 2002 akaogelea mpaka Norwei, lakini akawa anawafuata watu, na Desemba 2003 akafa. Na huyo alizaliwa porini! Aliyefanikiwa kurudi baharini ni oka jike Springer, mwaka 2002: alikuwa mtoto, alikaa mikononi mwa watu wiki chache, na ukoo wake ulitambulika kwa milio. Baadaye akazaa.

Tabibu_wa_Maji
Usisahau meno. Oka wa bwawani hutafuna kingo za saruji na vyuma vya malango. Jino likivunjika hadi ndani, hutobolewa na tundu huachwa wazi, kisha husafishwa kwa dawa kila siku. Likiachwa, chakula huoza humo na maambukizi huingia mwilini. Watu hupiga kelele kuhusu pezi la mgongoni lililolala. Mimi ningeanza kufungua mdomo.

Chakula nacho: oka hupata maji yake kutoka kwa samaki anaowala, na samaki aliyegandishwa akayeyushwa hupungukiwa na maji na vitamini B1. Ndiyo maana hulishwa jelatini yenye maji, na vidonge vya vitamini hufichwa ndani ya samaki. Ukimfungulia lango, huduma zote hizo zimekatika siku hiyo hiyo.

Mdadisi77
Kwa hiyo wabaki pale pale?

Kasikazi
La hasha. Watengewe ghuba yenye wavu, wahudumiwe humo hadi mwisho wa maisha yao. Ichaguliwe yenye kina na mkondo wa kuondoa kinyesi, isiyopigwa na mawimbi makubwa. Wavu usafishwe mara kwa mara, maana ukiota mwani na kome huwa mzito na hupasuka dhoruba ikija. Kiwepo kizimba kidogo cha matibabu. Kabla ya safari wapimwe magonjwa, tena wazoezwe kuingia wenyewe kwenye machela ya turubai. Kumlazimisha mnyama wa tani kadhaa ni kumhatarisha yeye na watu.

Tabibu_wa_Maji
Naafiki, na niongeze hili: kuzaliana kukome kwanza. Kanada ilipiga marufuku uzalishaji mwaka 2019. Dume na jike wakikaa pamoja, jike apewe dawa ya kuzuia mimba, hata kama ni mama na mwanawe. Bwawani dume hachagui.