Kufuata ukoo kwenye madaftari ya kanisa: Frere Town, Rabai na Mombasa mjini

Mjukuu wa Kengeleni
Bwana asifiwe wakubwa. Ukoo wetu unakutana Disemba na wazee wameagiza mti wa ukoo uwe tayari. Tunachojua: nyanya mzaa baba alibatizwa Kanisa la Emmanuel la Kianglikana, Frere Town, miaka ya 1930, na wazazi wake inasemekana walitoka Rabai. Babu alikuwa Mkatoliki, ndoa ikafungwa Holy Ghost pale mjini. Jina letu la ukoo ni la Kizungu na wazee hawaafikiani lilitoka wapi. Nianzie wapi, niombe nini hasa ofisini, na nikifunguliwa daftari lenyewe nilishike vipi?

Karani wa Parokia
Amina. Anza na ndoa, usianze na ubatizo. Ubatizo unakupa mtoto na wazazi wake basi. Ndoa inakupa nyumba mbili kwa mpigo: bwana na bibi harusi, kwa kawaida majina ya baba zao, walikokuwa wakikaa, na mashahidi. Mashahidi wanakili hata kama huwajui, maana mara nyingi ni mjomba, shemeji au mzazi wa ubatizo, na ndio watakaokufungulia njia utakapokwama.

Ukishapata ndoa, rudi kwenye ubatizo wa babu. Kwa Wakatoliki, parokia aliyobatizwa mtu ndiyo inayotunza habari zake zote: kipaimara na ndoa huandikwa pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Kwa hiyo usiombe cheti kitupu. Omba nakala kamili pamoja na maandishi ya pembeni. Watu wengi hupewa cheti chenye jina na tarehe tu, wakarudi nyumbani bila kujua kwamba parokia aliyooa imeandikwa palepale.

Madaftari ya zamani yameandikwa Kilatini. Filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, patrinus na matrina ni wasimamizi. Angalia sana miezi: 7bris ni Septemba wala si Julai, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Disemba. Hapo ndipo miti mingi ya ukoo inapoharibika.

Jingine linalokuhusu moja kwa moja: ikiwa nyanya alihamia Ukatoliki kabla ya ndoa, huenda alibatizwa tena kwa sharti, yaani endapo ule wa kwanza haukuwa halali, na utaona maneno sub conditione. Basi atakuwa na ubatizo mara mbili katika makanisa mawili, na ni mtu yuleyule. Ule wa pili usiuchukue kuwa karibu na mwaka aliozaliwa.

Barua yako iwe fupi: jina lake, majina ya wazazi, kanisa, mwaka wa kukisia na nafasi ya miaka 5 mbele na nyuma, uhusiano wako naye, nakala ya kitambulisho chako. Piga simu kwanza, ofisi nyingi za parokia hupumzika Jumatatu. Habari za watu walio hai usiziombe bila ridhaa yao. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamfunga karani pia.

Mwana Rabai
Mimi niingilie kwenye jina. Hilo la Kizungu lisikuongoze. Frere Town ilianzishwa na CMS (Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kabla ya hapo, mwaka 1864, walikuwa wamefika Rabai Waafrika waliolelewa Nasik, India, wakina William Jones na Ishmael Semler, wakiwa tayari na majina hayo. Baadaye jina la ubatizo la baba likawa ndilo la pili la mtoto: mwana wa Thomas akaitwa John Thomas, mjukuu akawa Peter John. Damu moja, majina matatu. Na kinyume chake, nyumba mbili zisizohusiana zikabeba jina moja. Fuata jina la baba, kijiji na wazazi wa ubatizo kwa pamoja. Vikilingana viwili kati ya hivyo, endelea.

Ikiwa upande wa Rabai ni wenyeji, mtego ni mwingine. Mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Karisa wa Kazungu humzaa Kazungu wa Karisa, naye akamzaa Karisa wa Kazungu. Ukikuta Karisa wa Kazungu mara mbili, tazama miaka: wakipishana 40 au 50, hao ni babu na mjukuu.

Tahajia nayo: Rabai utaiona Rabbai, na Mijikenda wameandikwa Wanika au Wanyika. Nyaraka za CMS ziko maktaba ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham, lakini huko tarajia barua na taarifa za wamisionari. Daftari la ubatizo kwa kawaida hubaki kanisani.

Mhifadhi wa Karatasi
Mikono safi na mikavu, bila glavu; glavu hazihisi ukingo wa karatasi na ndizo zinazochana. Daftari liweke juu ya meza, mito midogo miwili chini ya majalada ili mgongo usifunguke wote. Penseli tu, kalamu ya wino ibaki mkobani. Piga picha wima kutoka juu, karibu na dirisha, bila flashi ya kamera. Kwanza jalada, kisha ukurasa mzima, kisha mstari wako. Picha ya mstari peke yake haina thamani baada ya mwezi mmoja, hutajua ni daftari gani.

Kurasa zilizogandana kwa unyevu wa pwani usizibandue. Mwambie karani. Na tafadhali usijitolee kubandika selotepu wala kulamineti: gundi hugeuka kahawia, huula wino, na haitoki tena.

Mjukuu wa Kengeleni
Mungu awabariki. Na ikitokea mzee wa juu kabisa ameandikwa kuwa ni mtumwa aliyeachwa huru, tuweke ubaoni?

Mwana Rabai
Waonyeshe wazee kwanza, faraghani, kabla ya siku ya mkutano, kwa sababu kuna nyumba zilizolelewa kujiita wenyeji wa Rabai na habari hiyo itawafikia ghafla. Kisha andikeni kama ilivyo. Yeye ndiye aliyevuka hayo yote na kuwaachia imani mnayoishika. Kumfuta ni kumkosea heshima. Ila kabila msilitangaze haraka. Likiandikwa Nyasa, huenda lilitaja tu upande wa ziwa alikotolewa. Wekeni neno lenyewe, mwaka, na jina la daftari lilikotoka.