Re: Binti anakuja Dodoma kwa mafunzo ya hospitali, naomba mwongozo

Mama Mapacha, Leicester

Ndugu zangu, habari za majukumu. Binti yangu mkubwa anasoma udaktari hapa Uingereza, na chuo kinawataka wachague hospitali ya nje kwa wiki sita. Kachagua Dodoma, kwa babu yake. Kiswahili anakielewa, ila kukizungumza ni kwa kuokoteza. Mimi naijua Dodoma ya zamani, ya vumbi na treni iliyofika muda inaotaka. Aliyeko huko anisaidie: siku yake itakuwaje, na kuna usalama kumwacha wodini?

Mwana wa Kondoa, kwa sasa Dodoma

Shikamoo mama. Nasoma udaktari Ujerumani, nipo hapa nafanya mafunzo ya wodini wakati wa likizo. Kule wanatudai miezi minne ya namna hii, na sehemu yake unaweza kuifanyia nje ya nchi, basi nikaona bora nije nyumbani.

Usafiri sahau. Treni ya umeme kutoka Dar inafika Dodoma tangu 2024, asubuhi unakunywa chai Dar, mchana uko huku. Cha kuamua ni hospitali. Benjamin Mkapa iko upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiko waliko mabingwa wengi, na huduma ya kupandikiza figo walianza 2018. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo kila mtu anaiita General, iko mjini. Kama babu anakaa mjini, General itampunguzia kugombania daladala na wanafunzi wa chuo kila asubuhi. Mimi kwa mwanafunzi ningesema General: magonjwa ya kila namna yanapita hapo kabla hayajachujwa.

Karatasi azishughulikie mapema. Visa ya utalii si ya kushika wagonjwa. Aandikie hospitali, apate barua ya kukubaliwa, aulize kuhusu kibali cha Uhamiaji na Baraza la Madaktari, ndipo akate tiketi.

Siku inaanza na kikao cha asubuhi. Daktari aliyekesha anasimama mbele ya mabingwa anaeleza nani kalazwa, nani kafariki, na kwa nini. Maswali yanayopigwa pale usiombe yakukute. Binti akae nyuma na daftari, asikose hata siku moja. Kisha raundi, yaani madaktari kupita kitanda kwa kitanda, baada ya hapo kliniki au chumba cha upasuaji. Jioni mara nyingi yuko huru.

Kwenye raundi atakuta jambo ambalo huko halipo: ndugu. Juzi tulisimama kwenye kitanda cha bibi mmoja mwenye presha, kaletwa kutoka kijijini. Daktari anauliza kwa Kiswahili, bibi anajibu kwa Kigogo, maneno mengi kweli, mjukuu anatutafsiria: "Anasema kichwa." Bingwa akacheka, akamwambia mjukuu atueleze yote. Mjukuu akafungua fundo la kanga: risiti, majibu ya maabara, na pakiti mbili za dawa za presha kutoka zahanati, moja haijaguswa. Kumbe bibi alikuwa anameza siku kichwa kikiuma tu. Faili lilikuwa halina habari hiyo. Kwa hiyo awasalimie ndugu vizuri, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Hao ndio wanaopeleka sampuli, wanaolipia dirishani, wanaoleta uji. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, geti linajaa chupa za chai na mabakuli.

Sasa usalama. Simuhofii vibaka, namhofia koti jeupe. Akilivaa tu, ni "dokta", na lafudhi yake ya Uingereza itamwongezea cheo. Ndugu watamfuata koridoni. Usiku, watumishi wakiwa wachache, atatokea mtu amwambie, "Dokta, malizia kushona hapa." Asichoruhusiwa kufanya huko bila msimamizi, na hapa hajaruhusiwa. Kuna wanafunzi wanakuja kutoka ng'ambo wakidhani huku ni mahali pa kujaribia mikono, na mimi hao siwapendi. Jibu lake liwe moja: "Mimi bado mwanafunzi, ngoja nimwite daktari." Hakuna atakayemdharau.

Na sindano. Aje na miwani ya kukinga macho na glavu zinazomtosha. Siku ya kwanza kabisa aulize dawa za kujikinga na VVU zinatolewa wapi. Akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa palepale. Dawa zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zinamezwa siku 28.

Nesi Mstaafu, Leeds

Mwanangu umesema vema, ila umemfungia mtoto mjini. Wiki mbili aombe aende Mvumi, hospitali ya Kanisa Anglikana, huduma yake ya macho inajulikana. Nilifanya kazi Kongwa, mkoa huohuo wa Dodoma, enzi hizo. Vikope, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, huko ndiyo shule. Maji yako mbali, uso wa mtoto hauoshwi, nzi anatoka jicho hili anatua lile. Mtu anaambukizwa tena na tena tangu utotoni, akiwa mtu mzima kope zinageukia ndani, zinakwangua jicho kila akipepesa. Kina mama wanakuja wamezing'oa wenyewe kwa kibano. Operesheni ya kugeuza kope ni fupi, lakini mgonjwa haji mpaka jicho limekwisha. Leicester hilo hataliona.

Pia atakutana na watoto waliokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, au wenye chale kifuani. Asikunje uso. Aulize tu, "Mmeshampatia dawa gani nyumbani?" Mama akiona kakunja uso, hatasema kitu tena. Na simu ya picha ibaki mfukoni.

Mama Mapacha

Mungu awabariki. Na chakula je? Huyu mtoto mlenda hali. Yuko huko Juni na Julai.

Mwana wa Kondoa

Mlenda atakula mama, kwa babu hakuna orodha ya kuchagua. Mchana karibu na hospitali kuna mama ntilie, wali maharage haukosekani, achague chakula cha moto. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa. Malaria huku ni kidogo kuliko kanda ya ziwa, lakini chandarua alalie.

Juni na Julai ni baridi, asubuhi na usiku sweta halivuliwi, na upepo una vumbi. Kama anavaa lenzi, aje na miwani ya kawaida. Viatu vya kufunika vidole. Makoti mawili, maana moja litakuwa kwenye kamba kila siku. Barua ya hospitali ikitoka, nitumie tarehe, nitampokea stesheni na bajaji nitaelewana nayo mimi.