Tupeane uzoefu: mchango wako wa kwanza wa msimbo kwenye programu huria ulikuwaje?

Wakuu, habari za jioni. Kuna vijana wanaandika programu vizuri kabisa, ila mradi huria wa watu wengine, ule ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, wanauangalia tu kwa mbali. Tuwasimulie tulivyoingia. Naanza mimi.

Nilianzia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Niliuchagua kwa sababu una mizizi huku kwetu: ulianza kubuniwa mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za VVU za Eldoret, na 2006 ukaanza kutumika palepale. Kazi nyepesi zimewekewa alama kwa ajili ya wanaoanza. Unajichukulia moja ili mwingine asiirudie, unatengeneza nakala yako ya mradi, unafungua tawi (njia ya pembeni ya mabadiliko yako) lenye namba ya kazi hiyo, unarekebisha, unaendesha majaribio, ndipo unatuma ombi la kuunganisha, yaani unaomba marekebisho yako yaingizwe kwenye mradi.

Marekebisho yangu yalikuwa mistari minne. Mkaguzi aliyarudisha mara tatu. Kwanza sikuwa nimeandika jaribio la kuthibitisha kwamba hitilafu imeisha. Pili, kihariri changu cha msimbo kilikuwa kimepanga upya nafasi za faili zima, kwa hiyo mkaguzi aliona mamia ya mistari imebadilika na ile minne hakuiona. Tatu, alitaka komiti zangu zote (mabadiliko niliyohifadhi hatua kwa hatua) ziwe moja. Kila mara alieleza sababu kwa upole, nami nilijifunza Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, wiki ile zaidi kuliko mwaka mzima wa chuo. Siku marekebisho yalipounganishwa nilimpigia mama simu.

Karibuni.

Mdau wa Mwanza:
Mkuu, hongera. Mimi nilienda keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, na kule hakuna kubofya ombi. Kiraka, yaani mabadiliko yako, kinatumwa kwa barua pepe, maandishi matupu. Ukituma yenye mapambo ya HTML haipokelewi. Kabla ya kutuma unakipitisha kwenye checkpatch.pl inayokagua mtindo wa uandishi, halafu get_maintainer.pl inakuonyesha umtumie nani. Mwisho wa maelezo unaweka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, kuthibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Nilianzia saraka ya drivers/staging, yenye viendeshi vya vifaa ambavyo bado havijakamilika, kuna usafi mwingi wa kufanya. Nilikaa wiki mbili bila jibu, nikakumbushia kwa adabu, nikajibiwa siku hiyohiyo. Msikate tamaa kwa ukimya, wale watu wamezidiwa na barua.

Mdau wa Nairobi:
Yangu iliniuma. Kwenye mradi mmoja niliandika kipengele kikubwa wiki tatu, usiku baada ya kazi, bila kumwambia mtu. Nilipotuma nikaambiwa kuna mwenzangu alishakubaliwa kukifanya kwa njia tofauti. Msimbo wote ukabaki kwangu. Tangu hapo, kikiwa kikubwa kuliko kurekebisha hitilafu, naandika kwanza aya mbili: nataka kufanya nini, nitapitia wapi. Nikikubaliwa ndiyo nafungua kihariri.

Dada wa Tanga:
Mimi sikuanza na msimbo. Nilifuata maelekezo ya kusakinisha, hatua ya tano ikagoma, nikairekebisha kwenye maelekezo na kutuma. Ilipokelewa siku ya pili. Wakubwa wa mradi wana kila kitu tayari kwenye mashine zao, hawawezi kuiona shida hiyo. Mgeni ndiye anaiona.

Kijana anayeanza:
Asanteni sana kaka na dada zangu. Tatizo langu ni bando. Nilijaribu kupakua mradi mmoja, GB mbili zikaisha kabla haujafika nusu.

Mwenye uzi:
Mdogo wangu, weka `--depth 1` kwenye git clone, ile amri ya kupakua mradi. Inaleta hali ya sasa tu bila historia yote ya miaka, na ukubwa unapungua sana. Ukija kuhitaji historia, siku una intaneti ya bure andika `git fetch --unshallow`. Jaribu leo, ikigoma bandika kosa hapahapa.