Memori ikiisha: nibaki na C au nihamie C++, Rust au Zig?

Mizani_Kirumba: Wakuu, habari za asubuhi. Nina kifaa kinachorekodi uzito wa magunia ya dagaa hapa sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, kila rekodi na picha ya gunia. Ni kompyuta ndogo ya Linux, memori MB 512, programu nimeandika kwa lugha ya C. Mtandao ukikatika, rekodi zinapanga foleni kwenye memori. Juzi ulikatika tangu jioni, saa tisa usiku programu ikafa na foleni yote ikapotea. Daftari la mama mwenye mzigo ndilo lililoniokoa, nami nimeona aibu sana. Kila malloc (ombi la memori kwenye C) naikagua kama imerudisha NULL, yaani ombi limekataliwa. Nihamie lugha gani?

Fundi_Igoma: Pole mkuu. Angalia dmesg (kumbukumbu za ujumbe wa mfumo), kuna "Out of memory: Killed process"?

Mizani_Kirumba: Ipo, tena jina la programu yangu kabisa.

Fundi_Igoma: Basi NULL haikuja kabisa. Linux kwa kawaida huahidi memori nyingi kuliko iliyonayo. Unapoanza kuandika kwenye kurasa (vipande vya memori) ulizoahidiwa ndipo upungufu unaonekana, na keneli, yaani kiini cha Linux, inachagua programu ya kuua. Ukiweka mpangilio wa Linux uitwao vm.overcommit_memory kuwa 2, malloc itakataa mapema, ila programu nyingine nazo zitakataliwa.

Nyegezi_dev: Kwenye C++, new (ombi la memori la kule) ikishindwa hurusha kosa la std::bad_alloc, usipolidaka programu inazimika. Kwenye Rust, Vec (orodha inayokua) ikikosa nafasi ya kupanuka programu hufa palepale, isipokuwa utumie try_reserve inayokurudishia kosa badala ya kufa, iliyokuja na toleo 1.57 mwaka 2021. Mimi napenda Zig: kosa la OutOfMemory linarudi mkononi mwako na kompaila haikuachi ulipuuze. Kwenye majaribio unaweza hata kuagiza ombi la tatu au la kumi la memori lishindwe, ukaona programu inafanyaje.

Fundi_Igoma: Zig nzuri, naikubali. Lakini kwa kifaa chake keneli itaiua vilevile. Kwenye chipu ndogo isiyo na Linux kama ESP32, yenye SRAM (memori ya ndani) ya KB 520, ningekuunga mkono moja kwa moja, kule NULL inakuja kweli.

Dada_Ilemela: Kaka, kwa nini uzito wa watu ukae kwenye memori? Mama yangu ameuza dagaa miaka mingi, najua gunia moja lisiloandikwa linaleta ugomvi gani. Andika uzito kwenye kadi ya kuhifadhia data, ita fsync (inayohakikisha data imeandikwa kweli), ndipo taa ya kijani iwake. Picha zitengee nafasi 20 tu programu inapoanza, na uzijaze namba isiyo sifuri kwa memset hapohapo ili Linux izitoe kweli. Zikijaa, tupa picha ya zamani, uzito ubaki. Na unapopanua memori usiandike p = realloc(p, n): ikirudisha NULL, anwani ya mwanzo umeshaipoteza.

Mizani_Kirumba: Hiyo realloc ninayo sehemu mbili! Asante dada. Nabaki na C, foleni inahamia kwenye kadi leo. Usiku nachomoa waya wa mtandao mwenyewe, nalala hapahapa mwaloni niitazame.