"Tea" ya Waingereza: ni chai au ni chakula?

Kijana wa Section 58, Nakuru:

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Mwezi ujao nasafiri kwenda Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kufanya kazi ya kutunza wazee. Juzi msimamizi wangu mpya alinipigia simu ya video kunieleza zamu zilivyo. Akasema wazee hupata "dinner" saa sita na nusu mchana, halafu "tea" saa kumi na moja jioni. Mimi kwa Kiingereza changu nikaandika: chakula cha usiku mchana, chai jioni. Nikamuuliza, basi wazee hulala na chai tupu? Akacheka sana, mtandao ukakatika kabla hajanijibu. Mama anasema huenda kwa wale chai ndiyo chakula. Ni kweli au ananifariji?

Dada wa Mudete, sasa Leeds:

Mdogo wangu, mama yako msikilize. Angekuwepo mtu wa kunieleza hivyo nilipokuja, ningeepuka aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka najikuna kichwa.

Nilifika huku na alama nzuri za IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Nimekulia karibu na kiwanda cha majani chai, nimechuma majani likizo zote za shule, sasa chai nifundishwe nini tena? Wiki ya pili kazini, saa tisa alasiri, nilipitisha toroli ya vinywaji. Mzee mmoja mwenye kisukari nilimpa kikombe chake bila sukari, akanywa, akashukuru. Kwenye daftari nikaandika kwa mwandiko safi kabisa kwamba amepata "tea" yake na ameimaliza yote.

Saa kumi na moja chakula kikaanza kutolewa. Mimi nilikuwa chumba kingine namwogesha bibi. Mwenzangu akafungua daftari, akasoma kwamba mzee ameshakula, sahani yake ikarudishwa jikoni. Aliyekuwa akigawa dawa naye akasoma mstari uleule, akampa metformin yake ya kisukari, kwa kuwa dawa ile hupewa pamoja na chakula ili isivuruge tumbo. Ikaingia juu ya kikombe kimoja cha chai ya saa tisa. Mzee mwenyewe kumbukumbu zimemtoroka, hawezi kusema kama amekula au hajala. Tumbo likamsumbua usiku kucha. Asubuhi mpishi ndiye aliyesema kuna sahani ilirudi haijaguswa, na daftari likafunguliwa tena, mbele yangu.

Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangefoka. Msimamizi alinikalisha akanichorea siku yao ilivyo huku kaskazini: asubuhi "breakfast", mchana "dinner", jioni "tea", na kabla ya kulala "supper", ambayo ni biskuti au mkate na kinywaji cha moto. Kikombe chenyewe wengi wanakiita "brew". Kwa hiyo mtu akikuuliza saa kumi na moja unusu kama fulani amepata "tea", anakuuliza kama amekula nyama, viazi na mboga zake. Akikuuliza swali hilohilo saa nne asubuhi, anataka kikombe. Neno halijabadilika, saa ndiyo imebadilika.

Na usidhani yameisha. Ukienda kwa mwoka mikate hapa Leeds ukaomba "teacake", unapewa mkate mdogo wa mviringo, mtupu, wa kuweka nyama katikati. Ukivuka kwenda sehemu nyingine za nchi, kwa jina hilohilo unapewa mkate mtamu wenye zabibu kavu. Mimi nilipaka siagi na jemu kwenye ule mtupu nikauona sawa tu.

Kaka wa Bungoma, sasa Kent:

Dada, usimtie kijana baridi. Huku kusini wengi wakisema "dinner" ni chakula cha jioni, na "tea" ni kikombe. Ila watoto wangu shuleni chakula cha mchana bado kinaitwa "school dinner", kwa hiyo hata wao wenyewe hawajakubaliana.

Langu mimi lilikuwa la pesa. Siku ya nne kazini, mzee mmoja wa ghala akanijia na kopo, akaniambia ni zamu yangu kutoa pauni mbili za "tea". Moyo ukaruka. Nikajisemea, hata huku! Nilidhani nimeyaacha kwenye vizuizi vya barabarani kati ya Webuye na Eldoret. Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi sitoi chai, nimeajiriwa kihalali na vyeti vyangu vyote viko sawa. Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Kumbe wafanyakazi huchanga kila wiki, wananunua maziwa na vifuko vya majani, kila mtu anajichemshia. Nililipa pauni tano kwa aibu. Wiki iliyofuata nikapewa kazi ya kushika kopo.

Shemeji wa Kakamega, sasa Dallas:

Nyinyi mna bahati, angalau yenu ni ya moto. Hapa Texas agiza "tea" mkahawani uone: glasi kubwa kama chombo cha maua, barafu hadi juu, na swali moja, yenye sukari au isiyo na sukari. Ukitaka ya moto lazima utaje neno moto, na hata hivyo unaletewa maji vuguvugu na kifuko kando. Maziwa ukiomba wanakuonea huruma.

Halafu vijana. Binti yangu wa miaka 15 alikuwa kwenye simu akimwambia mwenzake amwage "tea" yote, asibakishe. Nikakimbilia jikoni na kitambaa. Kwao hiyo ni umbea, habari za ndani. Nikamwambia kwetu sisi tunamwaga mtama, sijui kwa nini wao wamechagua kitu cha kuchafua zulia. Alicheka. Siku hizi akirudi shule ananiuliza kama nataka mtama wa leo.

Mwalimu mstaafu, Milimani, Kisumu:

Wanangu, nimesoma nikicheka peke yangu. Lakini msiwaone Waingereza kuwa watu wa ajabu. Mtoto wa hapa Kisumu ukimwuliza asubuhi kama amekunywa chai, hujamuuliza habari ya kikombe. Umemuuliza kama tumboni kuna kitu. Anaweza kujibu ndiyo, kumbe alikunywa uji. Na nilipokwenda kwa wakwe zangu Vihiga mara ya kwanza nikaambiwa "karibu chai", yalikuja mayai, viazi vitamu na njugu, na nilipodhani tumemaliza, akaja kuku. Birika liliingia mwisho. Kisha kaka yenu wa Kent ametukumbusha chai ile nyingine, isiyo na majani wala maji. Neno letu limebeba mizigo kama lao.

Hata kwa asili ni ndugu. Wachina wana alama moja ya kuandika mmea huo, lakini watu wa pwani ya Fujian waliutamka "te", na sehemu nyingine nyingi wakasema "cha". Waholanzi walinunua kwa watu wa Fujian karne ya 17, wakaipeleka "te" Ulaya, nayo ikafika Uingereza. "Cha" ilipita nchi kavu hadi Uajemi ikawa "chay", na sisi tukaipokea kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mche wenyewe ulikuja nyuma kabisa: ulipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata miaka ya 1920.

Na kuhusu chakula kuitwa chai, sababu ilikuwa njaa. Miaka ya 1840 matajiri wa Uingereza walikuwa wakila chakula chao kikuu usiku, karibu saa mbili. Katikati ya alasiri wakawa wanaandaliwa chai na vitu vidogo vidogo. Husimuliwa kwamba aliyeanzisha ni bibi mmoja mkubwa, Duchess wa Bedford. Lakini mtu wa kiwandani au mgodini hakuwa na alasiri ya kukaa kitako. Alitoka kazini jioni, akakuta mkate, nyama baridi na birika mezani, akala vyote kwa pamoja. Mlo ukachukua jina la birika. Kaskazini ndiko kulikokuwa na viwanda vingi, na neno likabaki huko.

Kijana wa Section 58, Nakuru:

Asanteni sana. Nimemsomea mama yote, sasa anatembea nyumba nzima kifua mbele. Nina maswali mawili. Kwenye daftari niandike nini? Na majani ya nyumbani naruhusiwa kubeba?

Dada wa Mudete, sasa Leeds:

Kwenye daftari, neno hilo peke yake usiliandike kamwe. Andika "evening meal" kwa chakula na "cup of tea" kwa kikombe, kisha andika saa, na kiasi alichokula: nusu, robo, au alikataa. Saa iandike kwa hesabu yao, 17:00. Usije ukaandika saa kumi na moja yetu wakadhani umewalisha wazee karibu na usiku wa manane. Ukisikia mtu anasema dawa itolewe na "tea", usikisie, uliza kama ni pamoja na chakula. Vidonge vya madini ya chuma ndivyo vya kuangalia zaidi, maana chai hasa hupunguza nguvu zake mwilini. Hivyo mpe mzee na maji, kikombe kingoje.

Majani beba, hayana shida. Nyama na maziwa acha Nakuru, vitachukuliwa uwanja wa ndege. Na sufuria ndogo beba pia, maana ukiwaona wanavyotia kifuko ndani ya kikombe na kukitoa kabla hujamaliza kusema asante, utatamani kuchemsha mwenyewe. Ukipata nafasi kwenye begi niletee kilo mbili. Za unga, si vifuko.