Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanazipata wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mama yangu mdogo anauza vitenge sokoni. Wiki hii alikuwa na miadi ya kumtumia mwenye nyumba kodi. Ikaingia meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii, laini yangu ya siku zote ina shida. Jina litakuja" na jina la mwanamke. Akatuma laki mbili na nusu. Jina likaja kweli, kama lilivyoandikwa. Jioni mwenye nyumba anapiga simu kuulizia kodi yake.

Kabla hamjaniambia "alitakiwa awe makini", tafakarini kidogo. Meseji ile haikuandikwa kwa ajili yake. Inarushwa kwa namba nyingi kwa mpigo, ikilenga wale ambao saa hiyohiyo kweli wana hela ya kumtumia mtu: kodi, ada, mzigo. Mwisho wa mwezi hawakosekani. Tena jina lililokuja lilimpa imani, kwa sababu miaka yote tumeambiwa hakikisha jina kabla ya kutuma. Kahakikisha, kaibiwa.

Tukapiga huduma kwa wateja. "Pole sana mama, pesa imeshatolewa kwa wakala. Nenda polisi ukaandikishe, kisha ulete RB." Polisi RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni) tukapata, ila tukaambiwa taarifa za mwenye laini ziko kwa kampuni ya simu. Kampuni inasema haiwezi kutoa taarifa za mteja kwa mtu binafsi, mpaka polisi waombe. Polisi wanasema subirini. Mama wa watu anazungushwa na bahasha yenye karatasi moja mkononi, na biashara imefungwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Tulipanga foleni NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa, wengine wakalala kule. Mwisho ukawa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Moja ya sababu tulizopewa ilikuwa hii hii, kukomesha utapeli. Kwa hiyo namba iliyomwibia mama mdogo ina jina, jina lina namba ya NIDA, na namba ya NIDA ina kidole cha mtu. Iweje asionekane?

Mimi nina jibu langu. Nendeni kwenye miamvuli ya wasajili stendi. Mzee kaja kurudisha laini iliyopotea. Kijana anamshika kidole anakibandika kwenye kile kimashine. "Mzee, haijasoma, weka tena." Anaweka. "Tena, futa jasho kwanza." Mzee anaondoka na laini moja, kumbe kidole chake kimefungua mbili. Ile ya pili inauzwa kwa tapeli. Siku ukimfuatilia mwenye jina, unamkuta bibi shambani ambaye hata simu janja hana, na huenda naye ndiye atakayelala mahabusu.

Laini hizohizo ndizo zinazobeba utapeli wote mwingine: ile meseji ya uongo ya "umepokea" halafu mtu anapiga analia umrudishie aliyokosea kutuma, yule "mwalimu" anayedai mtoto wako ameanguka shuleni na inatakiwa hela ya hospitali, mganga wa utajiri, ajira za kulipia fomu. Wa mikopo ya kwenye simu angalau Benki Kuu (BoT) waliamka, Novemba 2024 wakatoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni. Kwenye laini naona matangazo tu ya "kuwa makini".

TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wenyewe kwenye taarifa zao za robo mwaka wametaja Rukwa na Morogoro kuongoza kwa majaribio ya utapeli, zaidi ya mara moja. Kama mikoa inajulikana, aliyesajili laini hizo naye anajulikana, maana kila usajili unafanywa na mtu fulani. Namtaka yule msajili ashitakiwe pamoja na tapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Na wakala aliyetoa laki mbili na nusu bila kuomba kitambulisho aulizwe alimpa nani. Kampuni inachukua makato ya kutuma na ya kutoa hata kwenye hela ya wizi, halafu kwenye kurudisha inanawa mikono!

Kwa leo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ikafutwe, usiache mpaka kesho. Meseji ya kitapeli isambaze kwenda 15040, watakujibu uwape namba iliyoituma. Wafanyieni na wazazi wenu, msiwatumie maelekezo tu kwa WhatsApp, shikeni simu zao wenyewe.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela yake baada ya RB? Aseme alipitia kwa afisa gani, ngazi ya wilaya au mkoa, na ilichukua muda gani. Jumatatu tunarudi kituoni.