Barabara kuu ya katikati ya mji: tuifungie magari au tuiache?

Mjumbe wa kamati (muulizaji)

Habari zenu wadau. Naombeni ushauri, maana wiki ijayo natakiwa kupiga kura na bado moyo haujatulia. Mimi ni mjumbe wa kamati ya katikati ya mji wetu, mji wa ukubwa wa kati tu. Nimefanya kazi kwenye barabara hiyo miaka 22. Tumeletewa pendekezo la kuifunga yote, magari yasipite kabisa, ibaki ya waenda kwa miguu, yenye miti na mabenchi.

Juzi niliitembea toka mwanzo hadi mwisho nikihesabu fremu za biashara. Kati ya 46, 17 zimefungwa, vioo vimebandikwa magazeti. Juu yake kuna ghorofa moja au mbili, karibu zote giza. Ofisi zikishafungwa jioni, unasikia nyayo zako mwenyewe. Inaniuma sana, kwa sababu niliwahi kuiona ikiwa imejaa.

Je, wapi walifunga ikafaulu, na wapi ilishindikana? Tofauti ilikuwa nini?

Mpanga miji mstaafu

Ndugu yangu, swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, walifunga sehemu ya barabara yao kuu mwaka 1959, wa kwanza Marekani, kwa kufuata mpango wa ofisi ya msanifu majengo Victor Gruen. Miji mingi ikaiga. Fresno, California, wakafunga ya kwao mwaka 1964. Mwaka 1998 Kalamazoo walirudisha magari kwenye sehemu ya barabara ile, na Fresno wakarudisha mwaka 2017.

Halafu tazama Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Strøget, barabara yao ya maduka, ilifungwa mwaka 1962, wenye maduka wakilalamika kwamba watafilisika, na hadi leo imejaa watu. Sakafu nzuri na mabenchi vilikuwepo kote kote. Kilichotofautiana ni watu: Copenhagen walikuwa wanaishi palepale, au wanafika kwa baiskeli na kwa miguu. Katika miji mingi ya Marekani wakazi walikuwa wamehamia pembezoni, na maduka makubwa yakawafuata huko. Ukimwondolea magari mtu ambaye hana sababu ya kuja, hujamletea sababu.

Kwa hiyo kilichonishtua katika maelezo yako ni zile ghorofa zenye giza, kuliko hata fremu 17. Familia inayolala juu ya duka hununua chini asubuhi, hurudi jioni, na taa yake dirishani humfanya mpita njia asiogope. Waulize wenye majengo kwa nini hawapangishi juu. Mara nyingi utasikia mambo mawili. Ngazi ni moja tu, na sheria ya moto inadai njia ya pili ya kutokea. Au kanuni inadai kila nyumba mpya ya kuishi iwe na maegesho yake, na jengo la zamani lililobanana na jirani halina pa kuyaweka. Hilo la pili hata pesa haliihitaji, ni kufuta kifungu. Buffalo, New York, walifuta masharti hayo kwa mji mzima mwaka 2017.

Mama wa mtaa wa pili

Na fremu zenyewe je? Kwetu mwenye jengo aliona bora fremu ikae tupu miaka mitatu kuliko kushusha pango. Nilipochunguza nikaelewa: mkopo wake benki ulipimwa kwa pango lile kubwa. Akishusha, thamani ya jengo inashuka kwenye makaratasi. Msiwaone wote wabishi, wengine wamefungwa mikono.

Mwendesha baiskeli

Mimi nampinga mzee kidogo, kwa heshima zote. Tukisubiri watu wahamie kwanza, tutasubiri milele, nani atahamia juu ya barabara ya njia nne yenye kelele? Pontevedra, Hispania, mji wa watu kama 80,000, walianza kuondoa magari katikati mwaka 1999 na wameendelea hatua kwa hatua. Groningen, Uholanzi, mwaka 1977 waligawa katikati ya mji sehemu nne. Gari linaingia sehemu moja, lakini kwenda nyingine lazima litoke kwanza hadi barabara ya mzunguko. Anayeleta mzigo anafika, anayekatiza tu hapiti.

Mpanga miji mstaafu

Hapo umenigusa, mwanangu, na nakubali. Kuna na njia ya kati. Greenville, South Carolina, mwishoni mwa miaka ya 1970 walipunguza barabara yao kuu toka njia nne hadi mbili, wakapanda miti, kwa mchoro wa Lawrence Halprin, msanifu wa mandhari. Magari yanapita hadi leo, ila polepole.

Mjumbe wa kamati (muulizaji)

Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Leo nimewatembelea wenye majengo sita. Wanne wamenitajia maegesho kabla sijauliza. Mmoja, mama mzee, alinipandisha juu: vyumba vitano, madirisha marefu, sakafu ya mbao nzima kabisa, hakuna aliyelala humo tangu mumewe afariki.

Nitaomba kura igawanywe. Njia mbili badala ya nne, zijaribiwe kwa vizuizi vya kuhamishika kabla ya kumwaga zege. Na kifungu cha maegesho kije mezani siku hiyohiyo. Mama yule ameahidi kuja kusema mwenyewe.